Anders Zorn, mchora picha aliyetunza ufundi wa wazee

Mbali sana, upande wa kaskazini ya Ulaya, iko inchi inayoitwa Uswidi. Wakati wa baridi mchana wa huko ni mfupi. Theluji inafunika mashamba na mapaa ya nyumba, na maji ya maziwa yanakuwa magumu kama jiwe, hata farasi wanaweza kupita juu yake wakikokota magogo. Lakini katika mwezi wa sita, usiku hauna giza kamili. Jua linatua kwa muda kidogo, halafu linapanda tena.

Katikati ya inchi hiyo kuna jimbo la Dalarna. Ni inchi ya misitu ya misonobari, na ndani yake mna ziwa kubwa, jina lake Siljan. Kando ya ziwa hilo ndipo ulipo mji wa Mora.

Leo tutasoma habari za mtu wa Mora, Anders Zorn. Huyu alikuwa mchora picha hodari sana. Alichora picha za marais watatu wa Marekani, na matajiri wa miji mikubwa walimlipa feza nyingi awachore wao na wake zao. Lakini somo letu halitakaa sana juu ya marais na matajiri. Tutatazama kazi nyingine ya Zorn, ile aliyoifanya kwao nyumbani. Aliokoa nyumba, nguo, vyombo na nyimbo za wakulima, vitu ambavyo wenyewe walianza kuvitupa.

Mtoto wa Yvraden

Anders alizaliwa tarehe 18 Februari 1860, katika kijiji cha Yvraden karibu na Mora. Mama yake aliitwa Grudd Anna Andersdotter. Sikilizeni vizuri jina hilo, maana lina habari ndani yake. Anna ndilo jina lake mwenyewe. Andersdotter maana yake binti wa Anders. Na Grudd ni jina la shamba la ukoo wao. Katika Dalarna ndiyo desturi: kwanza wanataja shamba, kisha mtu, kisha baba yake. Ukisikia jina la mtu, mara moja unajua anatoka nyumba gani.

Mashamba ya Dalarna yalikuwa madogo, hayakutosha kulisha watu wote. Kwa hiyo kila mwaka vijana wengi, wanaume na wanawake, walishika njia wakaenda kutafuta kazi katika miji ya mbali. Anna naye alikwenda. Alifanya kazi katika kiwanda cha bia mjini Uppsala. Huko alijuana na Mjerumani mmoja, fundi wa kupika bia, jina lake Leonhard Zorn. Hawakuoana. Anna alirudi kwao, akazaa mtoto mwanamume. Yule baba alikubali kwamba mtoto ni wake, na mtoto akachukua jina la Zorn. Lakini Anders hakumwona baba yake hata siku moja. Alikufa mwaka 1872, Anders alipokuwa na miaka 12.

Basi mtoto alilelewa na babu na nyanya yake, katika nyumba ya magogo. Alikula mkate wao, alisema lugha yao ya Mora, ambayo hata watu wa mji mkuu wa Stockholm hawaielewi vizuri, na alifanya kazi pamoja nao.

Wakati wa joto, wakulima wa Dalarna walipeleka ng'ombe, mbuzi na kondoo zao mbali ndani ya msitu, mahali penye majani mengi. Huko walikuwa na vibanda vyao. Wanawake, wasichana na watoto ndio waliokaa huko kuchunga, kukamua maziwa, na kutengeneza siagi na jibini. Msitu ulikuwa na dubu na mbwa wa mwitu. Ili kuwaita wanyama wao na kupashana habari, wachungaji walipiga baragumu. Nyingine ilikuwa pembe ya ng'ombe. Nyingine ilikuwa ya mti: fundi anachukua kijiti kirefu, anakipasua katikati, anakichimba ndani, anakifunga tena pamoja, halafu anakizungushia gome jeupe la mti unaoitwa betula. Sauti yake inakwenda mbali sana katika msitu. Kumbukeni baragumu hizo, tutazikuta tena mbele.

Kijana Anders alichunga wanyama kama watoto wengine. Na alipochunga, alishika kisu. Alichonga wanyama na watu katika vipande vya mti. Si ajabu, kwa maana watu wa Dalarna ni wachongaji tangu zamani. Katika vijiji vya karibu na Mora, wakati wa jioni ndefu za baridi, watu walichonga farasi wadogo wa mti na kuwapaka rangi. Farasi hao wanajulikana leo dunia nzima. Lakini katika mikono ya Anders mti ulikuwa kama unataka kupumua, na watu wakaanza kusema kwamba mtoto huyu apelekwe shuleni.

Kwenda na kurudi

Alisoma Mora, kisha katika mji wa Enköping. Urithi mdogo wa baba yake ulisaidia. Mwaka 1875, akiwa na miaka 15, aliingia chuo kikubwa cha ufundi wa picha na sanamu kule Stockholm. Alitaka kuwa fundi wa sanamu za mti. Baadaye alishika rangi za maji, na akaona kwamba mkono wake umepata njia yake. Mwaka 1880 alionyesha picha ya mwanamke kijana aliyefiwa, amejifunika kitambaa cheusi juu ya uso. Watu walisimama mbele ya picha ile, na kisha wakaanza kumwomba awachore.

Mwaka 1881 alijuana na Emma Lamm, binti wa ukoo wa wafanya biashara wenye mali. Anders hakuwa na mali. Waliahidiana kwa siri, naye akaenda zake kutafuta feza: Uingereza, Hispania, na mahali pengine. Miaka minne walingojana. Walioana mwaka 1885. Halafu walisafiri pamoja mpaka Istanbul na Aljeria, wakakaa Uingereza, na tangu 1888 mpaka 1896 waliishi Paris. Katika maisha yake Zorn alikwenda Marekani mara saba. Huko alichora Rais Cleveland mwaka 1899, na Rais Taft mwaka 1911. Rais Roosevelt alimchora mwaka 1905 kwa namna nyingine, yaani juu ya shaba.

Namna hiyo inafaa kuelezwa. Fundi anachukua bamba la shaba, analipaka nta. Kwa sindano anachora juu ya nta, mpaka shaba inaonekana penye mistari. Kisha anatia bamba ndani ya maji makali, na maji hayo yanakula shaba mahali pa mistari tu. Anaondoa nta, anapaka wino, anaufuta juu, na wino unabaki ndani ya mistari. Akikandamiza karatasi juu yake kwa mashini, picha inatokea. Kwa bamba moja anaweza kupata karatasi nyingi. Zorn alifanya picha za namna hiyo zaidi ya 280, na nyingi ni za watu wa kwao, si za wakubwa.

Kwa kweli hakuwasahau watu wa kwao hata mbali. Mwaka 1886 alifanya picha moja ya rangi za maji, akaiita Mkate wetu wa kila siku. Ninyi mnajua maneno hayo yanatoka katika sala gani. Katika picha hiyo mama mzee ameketi kando ya shamba, mbele yake chungu kipo motoni. Anawapikia wavunaji, ambao tunawaona nyuma yake wakifanya kazi. Mama yule ni Anna mwenyewe, mama yake Zorn. Hakumvika nguo za sikukuu. Alimchora kama alivyokuwa, pamoja na mikono yake ya kazi.

Mwaka huo huo Anders na Emma walinunua kiwanja karibu na kanisa la Mora. Na juu ya kiwanja hicho walisimamisha nini? Nyumba kubwa ya mawe, kama za matajiri wa Paris? Hapana. Walichukua nyumba ndogo ya magogo kutoka shamba la babu yake, wakaihamisha, wakaiongeza kidogo kidogo. Mwaka 1896 walirudi Mora kukaa kabisa. Nyumba hiyo inaitwa Zorngården, na ndani yake ilikuwamo nafasi ya mama Anna.

Vitu vya zamani vinatupwa

Zorn aliporudi alikuta Dalarna inabadilika upesi. Reli ilikuwa imefika. Madukani palikuwa na nguo za viwanda, za bei ndogo na za rangi kali. Kwa hiyo wanawake wengi waliacha kufuma. Mbele, kila parokia ilikuwa na mavazi yake. Katika parokia ya Leksand walikuwa hata na utaratibu wa kila dominika: sikukuu hii wanawake wanavaa kitambaa cha mbele cha rangi hii, siku za kufunga kitambaa cha rangi nyingine, na wakati wa matanga kingine tena. Mtu akiingia kanisani aliweza kujua siku ya mwaka kwa kutazama nguo za akina mama.

Tena kulikuwa na picha za ukutani. Wachoraji wa vijiji, wengi wao wa Rättvik na Leksand, walizunguka wakipamba nyumba za watu. Walichora habari za Biblia pamoja na maua makubwa. Mamajusi watatu waliwachora wamepanda farasi na kuvaa kofia za wakulima wa kwao. Wageni wa arusi ya Kana waliwavika makoti ya Dalarna. Mtu aliyesoma sana aliweza kucheka. Mimi sicheki, kwa sababu wachoraji wale walifahamu kwamba habari ile inawahusu wao pia.

Lakini vijana waliona aibu juu ya mambo hayo. Waliyaita mambo ya kizamani. Wengi walihama kabisa: katika miaka ile watu zaidi ya milioni moja waliondoka Uswidi kwenda Marekani. Nyumba zilibaki bila watu. Na nyumba ya magogo isiyokaliwa, paa linavuja, magogo yanaoza, na mwisho jirani anaipasua kuwa kuni.

Watu wengine walikuwa wamekwisha kuona hatari hiyo. Bwana mmoja, Artur Hazelius, alisafiri Dalarna mwaka 1872, akaanza kununua nguo na vyombo vya wakulima. Mwaka 1873 alifungua nyumba ya makumbusho kule Stockholm, na mwaka 1891 alifungua Skansen, mahali pa wazi penye nyumba za zamani zilizotoka katika majimbo mbalimbali ya Uswidi. Alifanya kazi kubwa, na vitu vingi vingepotea pasipo yeye. Zorn alifuata njia iliyo tofauti kidogo. Yeye alitaka nyumba za Mora zibaki Mora, mahali ambapo wajukuu wa wajenzi wataziona kila siku.

Namna ya kuhamisha nyumba

Labda mtauliza: je, mtu anawezaje kuhamisha nyumba? Sababu ni namna ilivyojengwa.

Fundi wa Dalarna anakata misonobari, anaichonga kwa shoka. Analaza gogo juu ya gogo. Penye pembe za nyumba anakata pengo katika kila gogo, ili gogo la ukuta huu na gogo la ukuta ule yashikane kama vidole vya mikono miwili. Hatii msumari katika pembe hizo. Katikati ya magogo anaweka majani madogo laini yanayoota juu ya mawe msituni, yazuie upepo wa baridi. Juu ya paa anatandika magome ya betula, ambayo maji hayapiti, halafu anayalaza chini kwa udongo wenye majani ao kwa miti.

Basi kama nyumba haina misumari, inaweza kufunguliwa. Mafundi wanaandika alama juu ya kila gogo: ukuta gani, gogo la ngapi. Wanayashusha moja moja, wanayapakia juu ya gari la kukokotwa na farasi ao kuyateleza juu ya theluji, na mahali papya wanafuata alama wanayapanga tena. Gogo lililooza wanatia jipya. Majani ya katikati wanatia mapya. Nyumba ni ile ile.

Kwa namna hiyo Zorn alikusanya nyumba karibu 40 za wakulima wa Mora na vijiji vya jirani. Zimo nyumba za kulala, za kupikia, mazizi, na ghala. Ghala za huko zinasimama juu ya miguu ya mti ili panya wasipande kula ngano. Jambo hilo sina haja ya kuwaeleza zaidi, maana ninyi wenyewe mmeona ghala zenye miguu. Mahali hapo panaitwa Zorns Gammelgård, maana yake ni kama kusema kiambo cha zamani cha Zorn. Mahali pengine kando ya mto, panapoitwa Gopsmor, alisimamisha pia nyumba za magogo. Alikwenda kukaa huko na kuchora, akiishi kama babu yake alivyoishi.

Moja ya nyumba za Gammelgård ni ya karne ya 13. Tunajuaje, kama mjenzi hakuandika tarehe? Mti wenyewe unasema. Katika inchi za baridi mti unaongeza duara moja kila mwaka. Mwaka mzuri duara ni pana, mwaka mbaya duara ni jembamba. Wataalamu wanalinganisha maduara ya gogo na maduara ya miti mingine, na hivyo wanapata mwaka mti ulipokatwa. Nyumba ile ilikuwa imesimama miaka zaidi ya 600 wakati Zorn alipozaliwa. Ingeweza kumalizika kwa jioni chache katika jiko la mtu.

Pamoja na nyumba alikusanya nguo, vitambaa vilivyofumwa na kushonwa kwa mkono, na vyombo vya mti na vya chuma. Tena yeye na Emma waliwasaidia watu wa Mora waliofanya kazi za mikono nyumbani, ili ufundi usibaki katika makumbusho tu. Mwaka 1907 shule ya vijana wakubwa ilianza Mora kwa msaada wake.

Baragumu na violoni

Nyumba inaweza kungoja mwaka mmoja ao miwili mpaka mtu aje kuiokoa. Wimbo hauwezi. Wimbo unakaa katika kichwa cha mzee na katika vidole vyake, na siku anapozikwa bila kumfundisha mtu, wimbo umezikwa naye. Kwa hiyo naona kwamba kazi ya Zorn ninayotaka kuwaeleza sasa ilipita ile ya nyumba.

Chombo cha ngoma za Dalarna kilikuwa violoni. Ni chombo cha nyuzi nne, kinachowekwa penye bega na kupigwa kwa upinde, kama zeze. Wapiga violoni wa vijiji hawakusoma muziki katika vitabu. Mtoto alimsikiliza baba ao jirani, akashika. Kila parokia ilikuwa na nyimbo zake, na mtu mwenye masikio mazuri aliweza kusema: Huyu ni wa Orsa, huyu ni wa Rättvik.

Halafu mambo mawili yalitokea. Wahubiri wengine wakali walisema kwamba violoni ni chombo cha shetani, kwa kuwa watu wanacheza na kunywa pombe kinapopigwa. Kwa hiyo wapigaji wengine walitundika violoni zao wasizishike tena, na wengine walizitupa motoni. Jambo la pili: kilikuja kinanda cha mkono, kile cha kuvuta na kusukuma. Kinanda hicho si kibaya. Kina sauti kubwa, na kijana anajifunza upesi. Lakini sauti zake zimekwisha kupangwa na kiwanda, wala hakiwezi kulia zile sauti za katikati zilizomo katika nyimbo za zamani. Wakulima walipozizoea sauti za kinanda, waliona nyimbo za babu zao kama zimekosewa. Na baragumu za wachungaji, zile tulizotaja mbele? Hizo nazo zilianza kunyamaza, maana watu walioacha kupeleka wanyama msituni walikuwa wanazidi kila mwaka.

Mwaka 1906 Zorn aliwaita wapigaji washindane katika Gesunda, kwenye mlima ulio karibu na Mora, na akatoa zawadi kwa feza zake. Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya namna hiyo katika Uswidi. Walikuja watu wenye violoni, walikuja na watu wenye baragumu. Wazee waliozoea kuchekwa na wajukuu wao walisimama mbele ya watu, na mchora picha wa marais ameketi akiwasikiliza.

Fikirini jambo hilo. Zawadi ya feza inakwisha. Lakini kijana aliyemwona babu yake akiheshimiwa na mtu mkubwa, jioni ile ile ataomba kushika violoni.

Baada ya Gesunda, mashindano yalifanyika katika majimbo mengine pia. Mwaka 1910 wapigaji wa inchi nzima walikusanyika Skansen, Stockholm. Safari hii hawakushindana. Zorn alitengeneza alama ndogo ya feza, na kila mpigaji aliyefika alipewa yake.

Usiku wa Mtakatifu Yoane

Picha ambayo Zorn mwenyewe aliipenda sana haina mtu tajiri ndani yake. Aliichora mwaka 1897, nayo inaitwa Ngoma ya usiku wa katikati ya joto. Sikukuu hiyo inaangukia siku za Mtakatifu Yoane Mbatizaji, mwezi wa Juni. Wanakijiji wanasimamisha mti mrefu uliopambwa kwa majani na maua, na wanacheza mpaka asubuhi.

Katika kijiji cha Morkarlby, kando ya Mora, Zorn alisaidia desturi hiyo isife, na ndipo alipoichora. Tunaona wanaume na wanawake wanacheza wawili wawili, sketi zinazunguka, vumbi linapanda. Ni usiku, lakini mwanga umo kila mahali. Nyuma ziko nyumba nyekundu za mti, na dirisha moja linang'aa kwa jua linaloanza kutoka. Hakuna taa yo yote.

Kwa kuchora, Zorn mara nyingi alitumia rangi nne tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, na manjano ya udongo. Atakayejaribu kuzichanganya ataona ni ngapi zinazotoka ndani yake.

Tena, kwa mji wa Mora alitengeneza sanamu ya Gustav Vasa, mfalme wa zamani wa Uswidi. Ilisimamishwa mwaka 1903.

Emma anabaki

Anders Zorn alikufa Mora tarehe 22 Agosti 1920, mwenye miaka 60. Hawakuzaa watoto. Katika familia nyingi, tajiri asiye na mtoto akifa, vitu vyake vinagawanywa, vinauzwa, vinatawanyika. Lakini Anders na Emma walikuwa wamekata shauri: yote yawe ya taifa la Uswidi, nayo yabaki Mora.

Kukata shauri ni rahisi kuliko kulitimiza, na aliyelitimiza ni Emma. Miaka zaidi ya 20 alitunza nyumba, picha na vitu vyote, akaandika orodha, akatafuta picha zilizouzwa zamani na kuzinunua tena. Alijenga nyumba ya makumbusho kwa mkono wa Ragnar Östberg, mjenzi yule aliyejenga nyumba ya baraza ya mji wa Stockholm. Ilifunguliwa mwaka 1939. Emma alikufa mwaka 1942.

Mtu akifika Mora leo ataona Zorngården pamoja na vyumba vyake, makumbusho ya picha, na zile nyumba za magogo karibu 40. Ile alama ya mwaka 1910 haikupotea. Tangu mwaka 1933 wapigaji wa nyimbo za zamani wanajaribiwa ili waipate. Kila mwaka wakati wa joto wanasimama mmoja mmoja mbele ya waamuzi, na kupiga nyimbo za kwao kwa kichwa. Waamuzi wanasikiliza kama mtu anaijua kweli namna ya parokia yake. Anayepata alama ya feza anaitwa mpigaji wa taifa, na anaivaa kifuani.

Maulizo

Jina la Grudd Anna Andersdotter linatuambia nini juu ya mama yake Zorn? Na jina lako linawaambia watu nini?
Kwa nini nyumba ya magogo inaweza kuhamishwa?
Hazelius na Zorn walikuwa na shauri moja, lakini njia mbili. Eleza.
Wataalamu wanapataje mwaka mti ulipokatwa?
Kwa nini baragumu za wachungaji zilianza kunyamaza?
Emma alifanya nini baada ya kufa kwa mume wake?
Kazi ya nyumbani: Mwulize mzee mmoja wa kwenu akuonyeshe chombo alichotengeneza kwa mkono wake. Andika jina lake, kimefanywa kwa kitu gani, na nani alimfundisha.